Bomba la mtaa linapasuka kila mara: kuziba au kubadilisha?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mtaani kwetu Ilala, Dar es Salaam, bomba la barabarani ni la chuma na ni la zamani sana. Mwaka huu limepasuka mara tatu. Kila mara mafundi hufukua, huziba, huondoka. Maji ya mgao yakirudi ni mekundu na presha hakuna. Kwa nini wasilibadilishe lote? Na je, lazima lami yote ichimbuliwe?

JIBU: Marahaba. Kwa dalili hizo, bomba lenu limekwisha, na kila kiraka kipya ni fedha ya wananchi inayozikwa ardhini. Kutu hujijenga ndani ya chuma vinundu vinundu hadi njia ya maji inabana. Bomba la inchi nne likibaki na uwazi wa inchi tatu, kwa presha ileile hupitisha chini ya nusu ya maji ya awali. Mtambo wa kusafisha maji wa Ruvu Chini, unaolisha Dar es Salaam, ulipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi 270, lakini nyongeza hiyo haiwezi kukufikia kupitia bomba lililoziba.

Mgao nao unalimaliza. Maji yakikatwa, bomba hujaa hewa. Yakifunguliwa kwa ghafla, hugonga kwenye kona na viungo, na palipoliwa na kutu ndipo hupasuka. Kibaya zaidi, bomba likiwa tupu hunyonya maji machafu ya ardhini kupitia matundu hayohayo. Maji ya kwanza baada ya mgao yaacheni yamwagike, na ya kunywa chemsheni.

Kuhusu lami: ipo njia ya kuchimba mashimo mawili tu, moja kila mwisho, kisha kichwa cha chuma kinavutwa ndani ya bomba kuukuu, kinalipasua na kuburuta jipya nyuma yake. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, huvunjika vizuri. Bomba la chuma laini halivunjiki, linahitaji kichwa chenye visu. Tena kila nyumba huhitaji shimo lake la kuunganishiwa, na kwa nyumba zilivyobanana Ilala, mashimo yatakaribiana mno. Ningelaza bomba jipya pembezoni mwa barabara, la zamani likiendelea kuhudumia, na kutoboa chini ya lami pale tu bomba jipya linapovuka barabara.

Siku hizi hutumika plastiki nyeusi yenye mstari wa bluu. Ncha mbili hupashwa moto kwa takriban nyuzi 220 kisha hubanwa pamoja. Hapo simama utazame: kiungo lazima kipoe kikiwa bado kimebanwa kwenye mashine. Fundi mwenye haraka akikitoa mapema, kitavuja baada ya kufukiwa. Bomba lilale juu ya mchanga, si juu ya mawe, na lipimwe presha kabla ya kufukia.

Sisitizeni pia mabomba madogo ya kuingia majumbani yabadilishwe siku hiyohiyo, hadi kwenye mita, kwa sababu uvujaji mwingi hutokea huko. Bomba la zamani la barabarani likatwe linakoanzia na kuzibwa, la sivyo litaendelea kuvuja bila mtu kujua. Baada ya mita, bomba ni lako. Kama nalo ni la chuma kuukuu, maji yataendelea kuwa mekundu. Siku ya kuhamishiwa bomba jipya, fungua kwanza koki ya nje iliyo chini kabisa, uyaache yatoke hadi yawe meupe, ndipo ufungulie simtanki.