Mtoto wangu hashibi mafumbo ya namba. Nimlipie "kufungua ubongo"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, tunakaa Langoni, Lamu. Kila karatasi anaichora mraba wa vyumba tisa, anapanga 1 hadi 9, na kila mstari, wa kulala, wa kusimama au wa pembe hadi pembe, jumla inakuwa 15. Hakuna mgeni anayeponea. Kuna bwana anafundisha kozi ya kufungua ubongo, asema mtoto atazidisha namba kubwa kichwani kwa sekunde. Bibi yake naye ataka tumkomeshe, eti miraba hiyo ni ya hirizi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. La bibi ni jepesi. Ni kweli mraba huo huandikwa kwenye hirizi, lakini Wachina waliujua tangu kale, na hesabu yake haihitaji jini. Mwambie kwa adabu, yaishe.

Huyo bwana wa ubongo ndiye anayenichosha, maana kila muhula nasimuliwa hadithi ile ile na wazazi waliokwisha kulipa. Nani alisema hesabu ni mbio? Kuzidisha upesi hata simu yako inaweza. Mwanao ana kitu kingine, na ili ukione muulize: kwa nini 5 hukaa katikati? Mwache ahangaike, hata wiki nzima. Namba zote jumla yake ni 45. Mistari minne hupita katikati, na kila mmoja ni 15, jumla 60. Zile 15 zilizozidi zimetoka wapi? Chumba cha katikati kimehesabiwa mara nne badala ya moja, yaani mara tatu za ziada, basi lazima kiwe 5. Mtoto akifika hapo kwa miguu yake, hiyo ndiyo hisabati. Akikariri tu mpangilio, anafurahisha wageni.

Akichoka na mraba, mpe 6174. Achague namba ya tarakimu nne, zisiwe zote sawa. Azipange kubwa kwenda ndogo, kisha kinyume chake, atoe namba ndogo kwenye kubwa, na arudie kwa jibu alilopata (sifuri asizitupe). 3524 inakwenda 3087, 8352, kisha 6174, na hapo haitoki tena. Aliyeigundua, D. R. Kaprekar, alikuwa mwalimu wa shule tu huko India.

Na hawa wauzaji hawako peke yao. Yuko wa "fomula za siri" wakati wa mtihani, yuko anayesoma "mpangilio" wa namba za bahati nasibu, kana kwamba droo ya leo inakumbuka ya jana. Ila wabaya zaidi ni wanaomfunga mtoto kitambaa machoni asome kadi, wazazi wakapiga makofi. Mtoto anachungulia kwa chini, kando ya pua, na amefundishwa kunyamaza. Ukialikwa kwenye onyesho kama hilo, shika gazeti wewe mwenyewe, uliinue juu ya usawa wa macho yake, kisha umwambie asome.