Maswali ya Wasomaji: Neno Moja la Kiingereza, Maana Tatu Zinazokaribiana

SWALI: Assalaam alaykum wahariri. Nilikuwa nafasiri tangazo la vyombo vya baharini, nikakuta sentensi "Overloading compromises passenger safety." Kamusi yangu inasema "compromise" ni kupatana, kulegeza msimamo na kuhatarisha. Nikaandika kwamba kuzidisha mizigo "kunapatanisha usalama wa abiria", mwenzangu akanambia sivyo. Vipi neno moja liwe suluhu na hatari? Na nitajuaje nichukue maana ipi?
Msomaji, Mkoani, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Mwenzako amesema kweli. Andika: "Kuzidisha mizigo kunahatarisha usalama wa abiria." Kilichokuponza ni kuchukua maana ya mwanzo uliyoikuta. Namba 1 katika kamusi si cheo. Kamusi za wanafunzi kwa kawaida hutanguliza maana inayotumika sana, lakini ile kubwa ya Oxford, ambayo toleo lake la pili la 1989 lina mabuku 20, hutanguliza maana kongwe, hata kama leo haisemwi tena. Kwa hiyo soma maana zote mpaka ya mwisho ndipo uchague.

Maana zako tatu ni ndugu. Neno lilitoka Kilatini: wagombanao waliahidiana kwamba watakubali uamuzi wa msuluhishi. Anayesuluhishwa hapati yote aliyoyadai, na hapo ndipo ilipotoka maana ya kila upande kuacha kitu. Akiacha asichopaswa kukiacha, kama vile imani yake, amelegeza msimamo. Na aliyetia jambo lake mikononi mwa mwingine anaweza kulikosa lote. Hiyo ndiyo hatari.

Sasa tazama yambwa, yaani kile kinachotendwa. Kitenzi kikisimama peke yake, au kikifuatwa na "on" au "with", maana yake ni kupatana kwa kuachiana. Kikibeba yambwa kama "principles", ni kulegeza msimamo. Kikibeba "safety", "security" au "reputation", ni kuhatarisha au kutia doa. Kamusi nyingi za wanafunzi huweka herufi T penye kitenzi chenye yambwa na I penye kisicho nayo. Wengi huziruka herufi hizo, nasi tunaona hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu katika sentensi yako T peke yake ingetosha kuiondoa maana ya kupatana.

Likiwa nomino, "suluhu" inatosha. "Muafaka" pia ni neno zuri, na Wazanzibari tunalijua tangu makubaliano ya CCM na CUF ya 1999 na 2001. Ila usilichukue nomino hilo ukalipachika penye kitenzi chenye yambwa. Na ukikuta "compromised immune system", hata "kuhatarisha" hakukai vizuri. Sema kinga ya mwili iliyodhoofika.

Ukishachagua, jiulize: nani anamwachia nani nini? Suluhu inataka pande mbili. Katika sentensi yako mizigo haigombani na mtu, basi suluhu haina pa kukaa.

SWALI: "Continual" na "continuous" yote kamusi yangu imeyaandikia "-a kuendelea". Tofauti ipo?
Mwanafunzi wa skuli, Makunduchi

JIBU: Ipo. "Continual" ni jambo linalokatika na kurudi tena na tena, mara nyingi la kuudhi: umeme unaozimika kila baada ya muda. "Continuous" halina mwanya: mvua ya masika iliyonyesha usiku kucha bila kuanuka. Mstari au ukuta usiokatika ni "continuous" tu. Waingereza wenyewe huyachanganya wakizungumzia wakati, lakini katika mtihani yatenganishe.

Kamusi ya lugha mbili mara nyingi hukwama hapa, kwa sababu lugha hazigawi vitu sawasawa. Sisi husema "niazime jembe" na "nimeazima jembe kwa jirani", kitenzi kimoja. Mwingereza atasema "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayechukua. Yeye naye ana "rice" moja tu penye mpunga, mchele na wali. Ukikuta maneno mawili ya Kiingereza yamepewa neno moja la Kiswahili, fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza na uanze na sentensi za mfano, kabla ya maelezo.