Msamaha Haufuti Deni: Majibu kwa Wasomaji

"Saba mara sabini" maana yake nisamehe mara 490 tu?

Swali hili nimelijibu mara nyingi. Petro ndiye aliyetaka hesabu, naye Bwana alimtoa kabisa kwenye kuhesabu. Tafadhali someni Mathayo 18 hadi mwisho kabla ya kuandika.

Mweka hazina wa kwaya alikula fedha zetu. Ametubu kwa machozi mbele ya usharika, na wazee wanasema yamekwisha. Je, ni dhambi kuendelea kumdai?

Si dhambi. Zakayo aliahidi kuwarudishia mara nne wote aliowadhulumu, ndipo Yesu akasema kwamba wokovu umefika nyumbani mwake. Wazee wetu wa uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 walilielewa hilo, kwa maana aliyeokoka alirudisha alichoiba. Sisi tumerithi nyimbo zao, tukaacha malipo yao. Mpangieni kulipa kidogo kidogo, aendelee kuimba nanyi, lakini daftari la fedha ashike mwingine.

Naweza kushiriki Meza ya Bwana nikiwa sisemezani na ndugu yangu?

Mathayo 5:23-24 inakutuma kwake kwanza. Nenda wiki hii.

Mume wangu hunipiga, kisha huomba msamaha. Mchungaji anasema nirudi, kwa kuwa Mkristo husamehe. Nifanyeje?

Dada yangu, usirudi. Kusamehe ni kuacha kisasi na kumwachia Mungu hukumu, nawe unaweza kufanya hivyo ukiwa salama kwa wazazi wako. Kupatana kunahitaji wawili, na huyo bado hajatubu, kwa sababu toba ni kugeuka naye angali anapiga. Iskanda mfua shaba alimtendea Paulo mabaya mengi; Paulo alimwachia Bwana amlipe, na papo hapo akamwonya Timotheo ajihadhari naye. Esau na Yakobo walikumbatiana wakalia, lakini siku ile ile Esau alirudi Seiri na Yakobo akaelekea Sukothi. Kama uko Tanzania, nenda kituo cha polisi ukaulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Nanyi wachungaji mnaowarudisha wanawake kwenye kipigo kwa jina la Kristo, mtaulizwa na Kristo mwenyewe.

Niliyemdhulumu amefariki kabla sijamwomba radhi. Je, nimechelewa?

Kwake umechelewa. Tubu mbele za Mungu, kisha uwapelekee watoto wake kile ulichomnyang'anya baba yao.