Jibu: Mbona wajamaa na wahafidhina wote wanaupinga uliberali?

Ndugu, umeuliza inakuwaje mjamaa na mhafidhina, ambao hawapatani kwa lolote, wote waushambulie uliberali wa asili, yaani fikra kwamba uhuru na haki za mtu binafsi hutangulia. Ni kwa sababu kila mmoja anaugonga mahali pake.

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyeuwekea uliberali huo msingi, alishikilia kwamba mtu ana haki ya uhai, uhuru na mali, na serikali ipo kuzilinda. Marx na Engels, wajamaa wa Kijerumani, mwaka 1848, wakahoji: uhuru gani kwa asiye na cha kuuza ila nguvu zake? Chukua mama anayeuza omena Kibuye hapa Kisumu. Anakopa mtaji alfajiri, jioni analipa na riba. Kisheria hakuna aliyemlazimisha, mkataba ni wa hiari, na mliberali anaishia hapo. Mjamaa anauliza: angekataa, watoto wangekula nini? Kwa maoni yangu, waliberali wa kale hawajawahi kulijibu swali hilo vizuri.

Edmund Burke, mhafidhina, 1790, aliingilia mlango mwingine: mtu hazaliwi peke yake, huzaliwa ndani ya jamii yenye mila na dini. Huku kwetu hilo halihitaji mhadhara. Jaribu kuuza shamba lenye makaburi ya babu zako, hata kama hatimiliki ina jina lako tu!



Katiba yetu ya Kenya ya 2010 imebeba mvutano huo wa mliberali na wapinzani wake: kifungu cha 40 kinalinda mali, cha 43 kinadai afya, makazi na chakula. Tena hicho cha 40 chenyewe kinairuhusu serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, mradi ilipe fidia ya haki.