Aliyetumwa huzidisha

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ukiacha goti la mama yako, na habari zake unazipata kila ukipiga simu. Ujumbe wako niliusoma Jumapili baada ya isha. Unauliza: katika Odyssey, utenzi wa Homer, Penelope alijua kwamba yule ombaomba ni mumewe Odysseus, aliyerudi kwa siri kutoka vita vya Troy, kabla hajautoa upinde, au hakujua? Unasema mwalimu wenu amewagawa makundi mawili, wewe umetupwa kwenye la "hakujua", na zamu yako ya kusema ni wiki ijayo. Nimeona simu haitoshi, nikatafuta karatasi.

Kundi lako lina kazi. Wenzako watakuletea ndoto ya bata bukini. Penelope anamsimulia mgeni mwenye matambara kwamba ameota bata wake ishirini wamevunjwa shingo na tai, akawalilia, kisha tai akatamka kwa sauti ya binadamu kuwa yeye ndiye mumewe. Mke gani mwenye akili zake humsimulia ombaomba ndoto kama hiyo, halafu papo hapo akamwambia kesho ataleta upinde na mashoka kumi na mawili, atakayepitisha mshale humo amwoe? Wewe wajibu kwa kitanda. Wachumba wote 108 waliotaka kumwoa wameshakufa, naye bado anamtega mumewe: anamwagiza mjakazi mzee Eurycleia akitoe nje kitanda ambacho nguzo yake ni mzeituni wenye mizizi ardhini. Anayejua hategi. Au anatega, maana kujua na kuamini si kitu kimoja. Unaona, nimeshaanza kukuharibia.

Ila swali lako linamtazama aliyelala ghorofani. Mimi kila nikifika kile kitabu cha 22 cha Odyssey, macho yangu huteremka uani.

Pale wanawake kumi na wawili, katika hamsini wa nyumba ile, wanaitwa wabebe maiti za wanaume waliokuwa wakilala nao. Wanaosha meza na viti kwa maji na sifongo, wanazoa uchafu uliokwanguliwa sakafuni wakautupe nje. Wakishamaliza kusafisha ndipo wanauawa. Na Odysseus mwenyewe, kabla hajaanza kuwapiga mishale wale wachumba wengine, alikuwa amewashutumu kwamba wamelala na wajakazi wake kwa nguvu. Kwa nguvu, kinywa chake mwenyewe. Utaniambia kuna waliofichua siri ya sanda ya Laertes, baba mkwe wa Penelope, ile Penelope aliyoifuma mchana na kuifumua usiku miaka mitatu ili awacheleweshe wachumba. Kweli, siri haikutoka yenyewe. Lakini ni lini paliulizwa nani kakosa nini, mmoja mmoja? Hakuna aliyeuliza.

Hapo utacheka, maana unajua ninachokileta. Aliyetumwa huzidisha. Nimelisema mezani, nimelisema kwenye kikao cha mirathi ya shangazi yako mpaka amu yako akasimama akatoka nje, na nalisema tena. Odysseus aliagiza wajakazi wauawe kwa panga. Ni Telemachus, mwanawe, aliyesema hawastahili kifo safi, akachukua kamba ya merikebu, akaifunga kwenye nguzo, akawatungika mstari kama njiwa walionaswa wakirudi kulala. Homer anasema miguu ilirusharusha kidogo, si kwa muda mrefu. Kipande hicho sikuwahi kukusomea ulipokuwa mdogo. Nilikiruka, nawe ukanishtaki kwa mama yako kwamba baba anaiba kurasa.

Patroclus wa Iliad vilevile. Rafiki yake Achilles alimtuma awafukuze watu wa Troy kwenye merikebu, kisha arudi. Yeye akawafuata mpaka ukutani mwa mji, Hector, shujaa wa Troy, akamuua, na kisasi chote kilichofuata, hadi maiti ya Hector kuburutwa nyuma ya gari la farasi, kikaanzia hapo. Aliyetumwa huzidisha. Ingawa Achilles alimburuta Hector bila kutumwa na mtu, na mama yako amekuwa akinikumbusha hilo tangu tumeoana. Mimi humwambia hasira nayo hutuma. Yeye huniambia nisijifiche.

Basi nisijifiche. Unajua babu yako alikuwa baharia na unajua alirudi. Usichokijua ni wiki ile ya kurudi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na miaka saba tulikuwa tumemwona kwenye stempu tu. Akakuta nyumba imeshazoea kuishi bila yeye. Akakuta daftari la duka linadai, akakuta saa aliyoiacha kabatini haipo, na majirani wana maneno yao juu ya mlango wa uani. Yote yakamwangukia yule dada aliyekuwa akitufanyia kazi, aliyembeba amu yako mgongoni mpaka akaota meno. Baba akaniita barazani, akasema taratibu tu: "Mwambie kesho aondoke, umpe nauli."

Kesho. Na nauli.

Mimi nikaenda usiku ule ule. Nauli ilibaki mfukoni mwangu. Nikalichukua furushi lake, khanga mbili na kisufuria alichokinunua kwa pesa zake, nikalimwaga kichochoroni. Kifuniko kikabiringika hadi mfereji wa maji machafu. Nikamwambia maneno juu yake na wanaume, maneno ambayo baba hakuyasema. Wiki nzima baba alikuwa akinitazama kama mtoto, nami nilitaka anione mwanaume. Yule dada hakulia. Aliinama, akapapasa gizani mpaka akakipata kifuniko, akakifuta kwa khanga, akaenda. Saa ilionekana mwezi wa Rajabu ndani ya bitana ya koti la baba mwenyewe, imepenya mfuko uliotoboka. Akaivaa. Hakuna aliyesema kitu.

Huwa najitetea kwamba nilikuwa mtoto na niliagizwa. Halafu nakumbuka nauli.

Sasa nirudi kwa Penelope wako. Mwanawe ameshamwambia apande kwenye kazi yake ya kufuma, upinde ni shughuli ya wanaume. Mungu wa kike Athena akamlaza usingizi ambao hajaupata tangu mume aende Troy. Melantho, mmoja wa wajakazi wale waliokuwa na wachumba, alimlea mwenyewe kama mwanawe, akampa vitu vya kuchezea. Bata wa ndotoni aliwalilia, Melantho hamlilii. Kwetu Saada, mjakazi aliyempelekea Liyongo tupa gerezani ndani ya mkate wa wishwa, jina lake linaghaniwa mpaka leo. Kule kumi na wawili wananyongwa na pale kambani hakuna anayetajwa jina. Mwanamke aliyezuia nyumba nzima ya wanaume kwa uzi, usiku ule hakuokoa hata mtumishi mmoja. Nimlaumu yeye, au waliomfungia mlango? Nalaumu waliofunga mlango. Lakini mlango ule una pande mbili.

Bibi yako usiku ule alikuwa chumba cha ndani, taa ya chemli mbele yake, akimshonea baba kofia. Kutoka pale hadi uani ni hatua nne; umekulia humo, unajua mtu akikohoa uani anasikika. Nilipita mbele yake nikienda kulala. Hakuinua kichwa. Hakuniuliza, si usiku ule, si miaka yote iliyofuata mpaka tulipomzika. Alisikia? Alingoja nimwambie mwenyewe? Jibu langu ninalo. Nimeliandika hapa mara mbili na kulikata, utaona wino.

Kofia ile ninayo. Watu walikuwa wakimletea kofia kutoka mitaa ya mbali, kwa vile matundu yake yalilingana kama yaliyopigwa kwa mashine. Kwenye hii, ukiizungusha taratibu, upande wa kisogoni kuna mahali pa upana wa vidole viwili ambapo matundu yamekwenda upande. Kisha yananyooka tena hadi mwisho. Hakufumua. Imo kwenye sanduku la mvule chini ya kitanda changu. Ukija Desemba ichukue, uitazame mchana penye mwanga, na usiniambie ulichoona mpaka nikuulize.

Baba yako