Usianze Kusikiliza Duma kwa Spika ya Simu

Mara ya kwanza niliiweka albamu ya Duma, kundi la watu wawili la muziki wa metali, ule wa magitaa makali na ngurumo za koo, kwenye spika ya simu, jikoni, nikimenya viazi. Mama alikuwa amenitembelea. Dakika mbili hazijaisha akasimama mlangoni: "Huyo anachinjwa au anajifungua?" Nikazima, nikamwambia ni vijana wa Nairobi. "Basi waombewe," akasema.

Simlaumu. Aliyelea watoto Kenya ya miaka ya 90 anakumbuka Rais Moi akiunda tume nzima, mwaka 1994, kuchunguza ibada za shetani. Ngurumo kama ile ikitoka jikoni kwa mwanao, utafanyaje?

Kosa lilikuwa langu. Spika ya simu haina besi, na muziki huu umesimama juu ya besi. Ngoma zake zimeundwa kwa mashine, zinakwenda kasi ambayo mkono wa mtu ungeomba poo. Gitaa la Sam Karugu, mmoja wa hao wawili, linapita katikati kama msumeno. Ukiondoa mlio wa chini, kinachobaki ni bati linalokwaruzwa. Tafuta hedifoni nzuri, na sauti iwe ya wastani tu. Mimi nilidhani metali isipopasua masikio si metali, nikalala na mlio kichwani hadi alfajiri.

Halafu kuna jina. Sisi Waswahili tukisikia duma tunamwona mnyama wa mbio, nami nilikuwa nikitafuta mbio humo ndani. Kumbe wamelitoa kwenye Kikikuyu, maana yake giza. (Si zile nduma za kunywea chai.) Nilipojua hivyo niliacha kuhesabu mapigo, nikaanza kusikiliza jinsi sauti zinavyojaza chumba. Lebo iliyoitoa albamu mwaka 2020, Nyege Nyege Tapes ya Kampala, nayo usiitafsiri mbele ya wakwe: kwa Waganda ni ile hamu ya kucheza inayokushika usiweze kukaa.

Maneno usihangaike kuyashika mara ya kwanza. Mwimbaji, Martin Kanja, ajiitaye Lord Spikeheart, hutumia koo lake kama ala. Ngurumo ya namna hiyo hutoka kwenye mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, ikisukumwa na pumzi ya tumboni. Ni ufundi wa kujifunza. Usiigize bafuni kwa nguvu za koo tupu. Nilifanya hivyo, nikashinda siku mbili naagiza mboga kwa ishara.

Jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema ni hili: wahakiki wasome baadaye. Majarida ya muziki ya Ulaya na Marekani yaliisifu sana albamu hii, na sifa zenyewe ni za haki. Lakini mimi nilizisoma kwanza. Mhakiki akiandika jinamizi, nami nikasikia jinamizi. Masikio yangu yakawa ya kuazima. Tena sehemu ya sifa hizo ni mshangao kwamba kitu kama hiki kimetoka Kenya. Mshangao huo una faida gani kwako wewe unayeishi hapa? Nairobi ilikuwa na bendi zake za metali kabla ya hawa wawili kuungana, na wenyewe walitokea humo humo. Niliporudia bila maandishi ya mtu, nilisikia vitu ninavyovijua: jenereta stima ikipotea, matatu yenye muziki unaotetemesha vioo, mabati ya kiwandani. Wimbo wa Lionsblood nausikia hivyo hadi leo. Inawezekana nimekosea, lakini nimekosea kwa masikio yangu.

Desemba mama alirudi. Nilimvisha hedifoni, nikapunguza sauti. Akasikiliza kama nusu dakika, uso umekunjamana, kisha akazivua taratibu.

"Huyu anahubiri," akasema. "Ila sijui anamhubiria nani."