Je, 2,147,483,647 ni namba tasa?

SWALI: Katika programu ninayoiandika, namba 2,147,483,647 hujitokeza kama kikomo cha juu cha namba kamili za biti 32. Nimeelezwa kuwa ni namba tasa. Je, ni kweli, na hilo huthibitishwaje bila kuigawa kwa maelfu ya namba?

JIBU: Ni kweli. Namba hiyo ni 2³¹ − 1, na mwanahisabati Leonhard Euler alikwisha kuthibitisha kufikia mwaka 1772, kwa hesabu za mkono, kwamba ni tasa. Kuwa kwake kikomo cha biti 32 ni sadfa tu, kwani kikomo cha biti 16, yaani 32,767, hugawanyika kwa 7, na cha biti 64 vilevile.

Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa hakifiki 46,341. Hata hivyo, chini ya hapo zimo namba tasa zaidi ya 4,000, na kuzijaribu zote kungechosha.

Tuseme p ni namba tasa inayoigawa 2³¹ − 1, yaani 2³¹ ikigawanywa kwa p hubaki 1. Kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, hakuna kipeo cha 2 kilicho chini ya 31 kinachobakiza 1, ukiacha sifuri. Na kwa kuwa nadharia ndogo ya Fermat inasema kwamba 2 kwa kipeo p − 1 nayo hubakiza 1, ni lazima p − 1 igawanyike kwa 31, na kwa kuwa p ni witiri, igawanyike kwa 62. Zaidi ya hayo, 2³² hubakiza 2, kwa hiyo mraba wa 2¹⁶ una baki sawa na 2, jambo linalowezekana tu iwapo p ikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Masharti hayo mawili kwa pamoja yanataka p ibakize 1 au 63 ikigawanywa kwa 248.

Zinasalia namba 373 tu, na nyingi kati yake huondoka papo hapo, kama 249 inayogawanyika kwa 3. Ya kwanza iliyo tasa ni 311, ambayo huingia mara 6,905,092 na kubakiza 35. Ukiendelea hivyo hadi mwisho, hakuna hata moja inayogawa bila baki.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kipeo tasa kinatosha: 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89.

Katika programu yako, tumia jaribio la Lucas na Lehmer. Anza na 4, kisha rudia mara 29: zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki ya kugawa kwa 2³¹ − 1. Baki ya mwisho ni sifuri, nayo hutokea hivyo kwa sababu namba ni tasa. Ila tunza matokeo ya kuzidisha katika biti 64, la sivyo yatafurika.